Katibu Hana Kura

Baba yao alipokufa, majirani walisema Jamhuri imefiwa, na hakuna aliyedhani wanazungumzia nchi. Jamhuri ilikuwa nyumba ile ya vyumba vinne, na marehemu mwenyewe walizoea kumwita Mzee Jamhuri. Alikuwa amefundisha uraia shule ya sekondari kwa miaka thelathini na moja, na tofauti na walimu wengi, alichofundisha alikiamini mpaka nyumbani.

Kila Jumapili saa nane, vyombo vikishaondolewa, meza ya kulia iligeuka bunge. Kulikuwa na katiba, iliyoandikwa kwenye daftari la jalada gumu ambalo kona zake zilitafunwa na panya. Walipiga kura redio izimwe saa ngapi, nani aanze kuoga, paka abaki au aondoke. Baba alikuwa mwenyekiti, na kura yake ilikuwa moja kama ya mtu mwingine yeyote. Ila alikuwa pia na kitu alichokiita kura ya busara, ambayo iliangusha nyingine zote, na ambayo aliitumia, kwa unyenyekevu mkubwa, karibu kila wiki. Paka alibaki kwa kura moja dhidi ya tatu.

Binti yake wa kwanza alikuwa katibu. Alipewa kazi hiyo akiwa na miaka kumi na minne, kwa sababu ya mwandiko wake, na kifungu cha sita kilisema katibu hana kura, ili kumbukumbu zisiegemee upande wowote. Wadogo zake wawili walipofika umri wa kupiga kura, walipewa kura. Yeye alipewa kalamu mpya. Sasa alikuwa na miaka arobaini na minne, mshonaji mwenye cherehani yake na wateja wake katika chumba cha nyuma. Alikuwa ameandika vikao zaidi ya elfu moja, na katika vyote hivyo hakuwahi kunyoosha mkono, isipokuwa kuwaomba watu wapunguze mwendo wa kusema.

Miaka mitatu ya mwisho alimuuguza baba katika chumba hicho hicho cha nyuma, kitanda upande huu, cherehani upande ule. Siku moja, akimkata kucha, alimuuliza kwa nini katibu asiwe na kura. Mzee alifurahi, maana alipenda swali kuliko uji. Akaanzia mbali, kama kawaida yake. Kulikuwa na mji wa kale uliowafukuza wafalme wake, ukaweka wakuu wawili wa mwaka mmoja tu, kila mmoja akiwa na haki ya kumzuia mwenzake. Kulikuwa na mwanafalsafa aliyetaka wenye hekima peke yao ndio watawale. Huyo, mzee alisema, alifikiria kila kitu, ila hakuwahi kula meza moja na watoto watatu. Wote hao walihangaika na jambo moja, namna ya kuhakikisha mtu mmoja hapati vyote viwili.

"Vyote viwili vipi, Baba?"

"Katibu anabaki na karatasi. Mwenye karatasi akipewa na kura, mwanangu, huyo si raia tena. Huyo ni mfalme."

Hayo aliyasema mtu mwenye kura ya busara. Binti akahamia kidole gumba.

Wakili aliposoma wosia alicheka kwanza, akausoma tena, akasema ni halali. Nyumba ilikuwa ya watoto watatu na dada wa marehemu kwa pamoja. Isiuzwe, isivunjwe wala isipangishwe ila kwa uamuzi wa kikao, ulioandikwa na kusainiwa na katibu kwa mujibu wa katiba. Kura ya busara mzee hakumrithisha mtu.

Kikao cha kwanza bila yeye kilifanyika mwezi wa pili baada ya mazishi. Kiti chake kiliachwa wazi, na mto wake ulikuwa bado na bonde la mgongo. Mpimaji, mdogo wa kwanza wa Katibu, aliyefanya kazi ofisi ya ardhi, alitoa hoja akiangalia meza. Paa limeoza. Ukuta wa nyuma una ufa. Ameupima, unaingiza kiganja. Nyumba iuzwe, kila mtu ajue lake. Fundi Friji, kitinda mimba, aliunga mkono kabla sentensi haijaisha, kisha akaona aibu, akasema dada atapata chumba kizuri popote, cherehani haichagui ukuta.

Katibu aliwaza alama nne za miguu ya kitanda kwenye sakafu ya saruji. Kila asubuhi alizifagia taratibu, kuzizunguka, kana kwamba mtu angali amelala. Popote huko pangekuwa na sakafu, lakini isingekuwa na alama hizo.

Shangazi, ambaye tangu kisa cha paka hakuwahi kukubali hoja yoyote, alisema anapinga. Akaulizwa sababu.

"Kwanza napinga," akasema. "Sababu nitawaletea."

Wawili kwa mmoja.

"Andika, Dada," Mpimaji akasema.

Aliandika tarehe. Aliandika waliohudhuria. Hapo mkono ukasimama. Akarudisha kurasa mpaka mwanzo wa daftari, akasoma kwa sauti ile ile ya miaka thelathini kwamba uamuzi si uamuzi mpaka usainiwe, na kwamba katibu anaweza kujiuzulu wakati wowote kabla ya kusaini. Kisha akaandika: Katibu amejiuzulu saa nane na dakika arobaini. Nafasi iko wazi. Akasaini hapo, akaifunika kalamu, akaiweka katikati ya meza.

"Sasa mimi ni raia," akasema. "Na mimi napinga."

Mpimaji hakushtuka. Alisema vizuri tu, ateuliwe katibu mwingine, kura ipigwe upya. Akamsukumia mdogo wake kalamu.

"Nikishika hii sina kura," Fundi Friji akasema.

"Basi itakuwa..." Mpimaji alihesabu. Mtu aliyepima mashamba ya wilaya nzima alihesabu mpaka tatu, mara mbili.

"Shika wewe, kaka. Una mwandiko wa ofisini."

Wote wawili wakamgeukia Shangazi kwa upole wa ghafla. Shangazi akasema yuko tayari kabisa kuitumikia Jamhuri, ila tangu macho yafanyiwe upasuaji anaona kalamu mbili, wamwambie ashike ipi. Mpimaji akapendekeza mke wake. Raia mpya akaomba ruhusa kusoma kumbukumbu za mwaka wa harusi yao: iliamuliwa kwamba wake na waume wa wanajamhuri wasiwe wajumbe wala makatibu. Mtoa hoja, Mpimaji.

"Nilikuwa kijana," Mpimaji akasema.

"Ulikuwa na kipara," Shangazi akasema.

Kifungu hicho kingeweza kubadilishwa, lakini na kikao, na kikao hakiwi kikao bila katibu. Walikiangalia kiti cha mzee. Fundi Friji aliuliza kama mzee alijua itakuwa hivi. Mzee huyo alikuwa akitafuta miwani iliyo usoni kwake.

Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukosa Jumapili, kwa sababu asiyekuwepo angeweza kuteuliwa katibu. Wakati mzee anaumwa walikuja kwa zamu, na zamu zilipishana mwezi. Sasa saa nane kamili wote walikuwa mezani, wanalindana. Kwa kuwa walikaa chini ya paa linalovuja, Mpimaji alipanda akabadilisha mabati mawili, kwa hiari yake, bila azimio. Ufa ulizibwa hivyo hivyo. Kalamu ilibaki katikati ya meza, na watu walipopeana chumvi waliizunguka.

Jumapili moja Fundi Friji alianza kusimulia jambo ambalo dada yake hakuwahi kulisikia: kwamba mzee, siku ile ya paka, alimfuata yeye uani alikokimbilia kulia, akamwambia hata yeye mwenyewe hakumtaka yule paka, ila alikuwa ameona jinsi Katibu alivyoandika neno aondoke. Mwandiko ulikuwa umetetemeka.

Dada alinyoosha mkono kuchukua kalamu. Alitaka kuandika tarehe tu, na maneno hayo, kabla hayajapotea.

Mpimaji aliacha kutafuna. Shangazi, mwenye kuona kalamu mbili, aliiona hiyo moja vizuri sana.

Dada alibaki ameishika hewani. Halafu akaiingiza chini ya kilemba, akajikuna nayo kichwa, polepole, akairudisha mahali pake.

"Endelea," akamwambia mdogo wake. "Tena usiende mbio."