Waliofumba Macho: Sifuri

Alhamisi hiyo Nazaria Angulo alirudi kutoka mikokoni na nusu ndoo ya kombe wa matopeni, tope hadi mapajani, na moshi wa makumbi ya nazi ya kufukuzia mbu umemkolea nyweleni kama manukato ya anasa. Mnunuzi alikuwa ameshusha bei tena. Alieleza kwamba kosa ni la dola, ingawa kombe wa Pasifiki hawajawahi kuonana na dola. Nazaria hakubishana. Alijimwagia maji ya mvua, akavaa blauzi safi, akachukua kifuniko cha sufuria na mwiko, akapita juu ya daraja la mbao hadi ukumbi wa mtaa.

Kila Alhamisi saa tisa alasiri alifundisha watu kutulia. Bure. Alijifunza kwa muuguzi mmoja mgeni, mwaka ule watu wenye bunduki walipogawana mitaa kama watu wanavyogawana samaki. Somo lenyewe halina makuu: unakaa, unasikiliza pumzi yako, mawazo yakikukimbiza unarudi kwenye pumzi, kifuniko kikilia mnaanza, kikilia tena mnanyanyuka. Isipokuwa viti. Viti vya Nazaria vyote viliegemea ukuta, vyote vilitazama mlango, na hakuna aliyefumba macho. Siku ya kwanza kabisa muuguzi alisema, "Fumbeni macho," na watu kumi na wawili wakamkodolea macho kana kwamba amewaomba wavue nguo. Tangu hapo macho yalibaki wazi.

Leo alikuwapo mkaguzi, Bwana Arboleda, na viatu vinavyong'aa na fomu ya kurasa tisa iliyotoka mji mkuu, Bogota. Kila ukurasa ulikuwa na mhuri wake, ili usijione yatima.

"Mama Nazaria, ukumbi huu ni mali ya manispaa," alisema. "Shughuli ikifaulu, unaendelea nao mwaka mzima. Isipofaulu, ufunguo narudi nao leo hii hii. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mheshimiwa."

"Na hivi viti mbona vimepangwa kama kwa kinyozi?"

"Vimepangwa walivyotaka wakaaji."

Waliingia mmoja mmoja, kumi na saba. Bi Cleotilde, mwenye miaka sabini na moja, alishika kiti chake cha karibu na mlango. Leidy, mkaanga samaki, alifika akiwa bado anacheka kichekesho alichokiacha njiani. Nazaria akagonga kifuniko. Kicheko kikakatika. Chini ya sakafu maji yalikuwa yanajaa, yakilamba nguzo, na juu yake watu kumi na saba walivuta pumzi, wakaishusha.

Dakika mbili zikapita.

"Samahani," Arboleda alisema. "Kipengele cha sita: idadi ya washiriki waliofumba macho. Mbona hawafumbi?"

"Hapa hatufumbi."

"Basi mnafanya nini? Mmekaa tu. Hata kwenye foleni ya gesi watu wanakaa."

"Kwenye foleni ya gesi tunatukanana, mheshimiwa," alisema Leidy.

Arboleda aliona bora atoe mfano. Alivuta kiti hadi katikati ya ukumbi, akaupa mlango mgongo kama mtu ambaye maishani mwake mlango haujawahi kumletea kitu kibaya, akaweka mikono magotini. "Hivi. Si kazi kubwa." Akafumba. Pumzi ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili pia. Kufikia dakika ya tatu mkaguzi alikuwa anakoroma.

"Muandike haraka!" Leidy alinong'ona. "Kashapatikana mmoja!"

Mabega kumi na saba yakatikisika. Nazaria aliweka kidole mdomoni. Alimwacha alale, maana ilionekana wazi kwamba mtu yule alikuwa amechoka. Serikali inachosha watu wa pande zote mbili za meza. Muda ulipotimia akagonga kifuniko. Arboleda aliruka, akajifuta kidevu.

"Mmeona?"

"Tumeona," walijibu wote kwa adabu kubwa.

Aliitazama saa yake, akalainisha sauti. "Sikilizeni. Fumbeni dakika moja tu, nihesabu, niandike namba, tuachane kwa amani. Nawasaidia."

Nazaria alifikiria mvua za miezi ijayo, na mtaa mzima usio na paa lingine la kuwatosha.

"Nitafumba mimi," alisema Bi Cleotilde. "Kwa ajili ya ukumbi."

Akafumba. Kope zilianza kucheza, kisha pumzi ikawa fupi kama ya mtu anayepanda mlima. Nazaria alivuka ukumbi kwa hatua tatu, akachuchumaa mbele yake.

"Fungua, mama. Fungua macho. Niko hapa."

Bi Cleotilde alifungua. Alimgeukia mkaguzi, akasema bila kulalamika, kama mtu anayetaja namba ya kitambulisho: "Wenye bunduki walimchukua mwanangu Wilmer nikiwa nasali, macho nimeyafumba. Siku hizi hata Mungu naongea naye huku namtazama."

Arboleda alipekua kurasa zote tisa akitafuta mahali pa kuandika jambo hilo. Hapakuwapo. Akaandika sifuri, kubwa, ya mviringo safi.

"Si mimi," alisema chini chini. "Ni fomu. Tia sahihi hapo."

Nazaria alitia sahihi. Kisha, kwenye maoni, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu: WATU KUMI NA SABA WALIKAA DAKIKA ISHIRINI. HAKUNA ALIYEKIMBIA.

"Sehemu hiyo hawaisomi," alisema Arboleda.

"Wewe umeshaisoma."

Arboleda alibaki ndani kidogo kuhesabu viti, akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Alipogeuka alikuta daraja limejaa. Walikuwa wamekaa juu ya mbao, wote kumi na saba, migongo kwenye ukuta wa nje wa ukumbi, nyuso njiani, na Nazaria tayari alikuwa amegonga kifuniko. Njia ilikuwa na upana wa mbao mbili. Arboleda alipita polepole, mkoba kifuani, na kila aliyefikiwa alikunja miguu kumpisha, kisha akainyoosha tena.

Bi Cleotilde alikuwa wa mwisho. Alikunja yake, akamsindikiza kwa macho hadi alipokata kona, kisha akarudi kwenye pumzi yake.