Sauti Iliyobaki Maktabani

Mama yake alipomwita, Didace aliitika, "Sema."

Donatille alikuwa kitandani, nyumbani kwao Makanyagio, ugonjwa wa moyo umemlemea, lakini pumzi ya kumkaripia haikumkosa. "Mimi rika lako? Mzazi akiita unaitika *karame*. Babu yako angekuchapa."

"Hicho Kirundi, mama. Hapa Mpanda."

"Ndicho kilichonilea. Mimi sijawahi kuitwa nikanyamaza."

Babu huyo, Polycarpe, baba yake Donatille, alikuwa bingwa wa kughani sifa za ng'ombe katika makazi ya wakimbizi wa Burundi ya Katumba. Alikufa Donatille angali mtoto, hakuacha hata picha. "Uso naukumbuka kidogo," Donatille alizoea kusema. "Sauti ndiyo imenipotea. Ningeisikia mara moja tu, ningeondoka nimeshiba."

Basi siku moja Didace alikuwa maktaba ya chuo anachosoma, akipekua kanzidata za utafiti ambazo chuo hulipia ili wanafunzi wasome mtandaoni. Alitafuta makala za ufugaji, akaandika jina la Katumba. Ikatokea rekodi ya mtafiti wa zamani, na chini yake: Polycarpe, mghani.

Akavaa hedifoni. Sauti nzito, yenye mkwaruzo, ikamwingia hadi mifupani. Hakuisikiliza hata nusu. Aliifungua ile rekodi kwenye simu yake, akashika njia.

"Inafunguka humu ndani tu," akasema Verdiana, mkutubi. "Ni mtandao wa chuo. Mlete mama, nitamtengea kiti."

"Dada Verdiana, nimeshaifungua. Nani ataifunga?"

Akapanda bodaboda, kidole kikigusagusa kioo cha simu kisizime, kama mtu aliyeazima kaa la moto kwa jirani na anakimbia nalo nyumbani.

Jirani yao Specioza alikuwa amemwegemeza Donatille kwenye mito. Didace akabonyeza. Simu ikadai mtandao wa chuo. Akabonyeza tena, ikadai tena. Jasho likamtoka, akaitukana simu, akautukana mtandao, akawatukana waliotia kufuli kwenye sauti ya babu yake.

"Mwache baba," Donatille akasema, akicheka kwa shida. "Kaona wageni, kaona haya."

"Kesho nakupeleka mwenyewe, mama."

"Kesho. Specioza, ninyooshee kitenge cha bluu. Siwezi kwenda kwa baba nimekunjamana."

Kulipokucha, kitenge kilikuwa tayari juu ya kiti. Didace akamwita mama yake. Akamwita tena, akimtikisa bega.

Walipokwisha kuzika na matanga kuanuliwa, alirudi maktaba. Verdiana alimpa pole, akamfungulia kompyuta. Kando yake palikuwa na kiti cha pili, chenye mto, ambacho hakuna aliyepata moyo wa kukiondoa.

Safari hii Didace alisikiliza mpaka mwisho. Babu aliwasifu ng'ombe wake mmoja mmoja, wale aliowaacha Burundi, hadi sauti ikamkauka. Akakohoa. Kisha akaita, kama mtu anayetaka maji, "Dona!"

"Karame!" kikajibu kisauti cha mtoto kutoka mbali, kikihema, kinakuja mbio.

Rekodi ikaishia hapo.

Didace akashika meza kwa mikono miwili. Kisha akairudisha nyuma. Babu akaita tena, na mama, ambaye asubuhi ile hakuitika, akaitika.