Vidole Visivyo na Mistari

"Weka tena, bibi. Bonyeza polepole."

Mara ya saba sasa, kijana wa duka la simu pale Kigoma mjini alifuta kioo cha mashine kwa pindo la shati, na mara ya saba mashine ikawaka nyekundu. Bibi Rozalia wa Ujiji alikisogeza kidole chake karibu na pua, akakikagua kama cha kuazima. Hakuona kitu. Mtoto wa jicho alikuwa ametanda kwenye macho yote mawili.

Nyuma yake alisimama Joanitha, afisa maendeleo ya jamii, akijilaumu kimoyomoyo. Ni yeye aliyekuwa akiwafundisha wazee, kila Jumanne, kutunza pesa kwenye simu wasitapeliwe. Somo la kwanza: namba ya siri hata mjukuu asiijue. La pili: asikubonyezee mtu. La tatu: usitumie laini yenye jina la mwingine. Wazee wengine walisinzia, Rozalia alimeza yote kama dawa. Mjukuu wake Shadia, aliyembonyezea miaka nenda rudi, akaambiwa akae mbali. Juzi bibi akataka kutoa laki na themanini za upasuaji wa macho, akabonyeza mwenyewe. Kwa macho yale. Akakosea mara tatu, akaunti ikafungwa. Kuifungua ni mpaka alama ya kidole.

"Mistari imefutika, mama," kijana alimwambia Joanitha, si mwenye vidole. "Mfumo haumtambui."

"Uambie huo mfumo," Rozalia akasema, "vidole hivi vimekamua mawese miaka arobaini. Mafuta niliyotoa ukiyamwaga ziwani, dagaa watajikaanga wenyewe humo humo."

Kijana alicheka, lakini mfumo haujui kucheka. Wakapelekwa dirisha la pili. La pili likawarudisha la kwanza. Mkubwa mwenye idhini yuko Tabora kwenye semina, waje Jumatatu. Joanitha alikung'uta mkoba: elfu ishirini na mbili, na mshahara bado. Saa kumi ikafika. Madaktari wa macho, waliokuja kwa wiki moja tu, walikuwa wanafunga masanduku yao.

Wakaketi kwenye ngazi za duka.

"Nisamehe, bibi. Bora ningekuacha na mjukuu wako."

"Hukukosea, mwalimu. Ulitufundisha sisi. Mashine ndiyo haikuja darasani. Sasa nisajilie laini nyingine kwa jina lako, nianze kuweka akiba upya. Wewe mistari unayo."

"Bibi, somo la tatu."

"Nalikumbuka. Ndiyo maana nakuomba wewe, siyo mwingine."

Joanitha akarudi ndani. Kwake mashine iliwaka kijani mara ya kwanza.

Jumanne aliandika ubaoni somo la kwanza, akaandika la pili. Kwenye la tatu chaki ikasita. Rozalia, benchi la mbele, aliuelekezea ubao macho yake meupe.

"Umeshaandika, mwalimu?"

Wazee wengine wakatazama ubao usio na la tatu, wakatazamana, wakanyamaza.

"Nimeandika, bibi," akasema Joanitha, akaweka chaki chini.