Mkono Uliopita Mpakani

Mkono bandia alioutengeneza Fundi ulifika ng'ambo, kwenye mkutano wa mafundi wa viungo bandia, siku mbili kabla ya wajumbe, ndani ya boksi lenye mihuri minne, na hakuna aliyeuliza kama ungerudi kwao. Fundi mwenyewe alinyimwa viza kwa mara ya tatu. Eti hakuna ushahidi wa kutosha kwamba atarudi nyumbani. Nyumbani ana karakana, mume, mama mgonjwa na watu kumi na mmoja wanaosubiri mikono. Sasa mtu kama huyo akimbilie wapi? Dharau tupu.

Basi akaufuata mkutano kwenye kompyuta ya karakana, gundi ikiwa bado vidoleni, mdogo wake akichungulia nyuma yake. Kule ukumbini waliupitisha mkono wake meza kwa meza, wakaukunjua vidole na kuukunja, wakausifu weee. Kisha ikaja ajenda aliyoingojea mwaka mzima: mkutano ujao ufanyike pale pale, au katika nchi ambayo hata yeye angeweza kuingia?

"Tunapiga kura kwa kunyoosha mikono," Mwenyekiti alisema. "Walioko ukumbini tu. Ndiyo kanuni."

"Lakini Mwenyekiti, tunaotaka uhame ni sisi tuliofungiwa nje," Fundi alisema kupitia kompyuta. "Tutapigaje kura?"

"Nakuelewa kabisa, dada yangu. Ila kanuni ni kanuni."

"Anakuelewa, eti," mdogo wake alinong'ona. "Ashindwe."

Waliotaka kubaki walikuwa kumi na tisa. Waliotaka kuhama, kumi na nane. Hapo Daktari, rafiki wa Fundi tangu chuoni, ambaye pasipoti yake haiulizwi maswali, akauchukua ule mkono mezani na kuunyanyua kando ya wake.

"Kumi na tisa, tumelingana," alisema. "Na huu uliingia kihalali."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akaandika kumi na nane. Kicheko hicho kilimchoma Fundi kuliko zile barua tatu za kunyimwa viza.

"Mwenyekiti," alisema waliponyamaza, "naomba mkono wangu urudishwe leo."

"Jamani, dada, maonyesho ni mpaka Ijumaa. Watu wameupenda sana."

"Mkono huo una mwenyewe. Ni mwalimu, anautumia kuandika ubaoni. Ameniazima wiki mbili, na wiki hizi anafundisha kwa mdomo tu, kwa sababu nilimwambia mkiuona mtatufungulia mlango."

Safari hii hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa ameshainama chini ya meza, anatafuta boksi.