Mwito wa Kabla ya Moto

Shangazi alikataa katakata. Binti wa kaka yake, ambaye ukoo mzima unamwita Masikio kwa vile kazi yake ni kunasa sauti, alikuwa amembembeleza amruhusu aunase mwito wake, jikoni, sebuleni, hata mlangoni mwa bafu.

"Mwito si wimbo, mwanangu. Naita ili viumbe wahame kabla hatujachoma majani. Nikiita nisichome, si nimewafukuza bure? Nitaonekana mzushi."

Na majani ya kuchoma yangetoka wapi? Bonde la kwao lilikwisha kuzungushiwa ua. Wenye ua walipiga marufuku ule moto mdogo wa kila kiangazi. Majani yakarundikana, ukaja moto mkubwa ukafagia kila kitu. Ukoo ukatawanyika. Waliojua kuita, amebaki Shangazi peke yake.

Basi Masikio akalijenga bonde kwa sauti ndani ya bohari kuukuu: spika ukutani, spika darini, spika chini ya mikeka. Unakaa gizani unalisikia litakavyokuwa siku za wajukuu, likirudishwa kwa walezi wake. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa mwito. Pale pa mwito aliacha kimya, pengo kama la jino.

Siku ya kufungua, ukoo ulimiminika kama harusini.

"Chai ipo?" aliuliza baba mdogo, taa hata hazijazimwa.

"Na yule aliyekaa na dada yetu wa benki ndiye nani?"

"Nyamazeni, mnatutia aibu mbele ya wageni!"

Giza. Upepo ukapita kwenye majani makavu. Kikaja kile kimya, halafu moto ukaanza kutatarika pembeni.

Shangazi akainuka. Labda alisahau alipo; labda hakusahau. Akaita: sauti ndefu, ikapanda, ikakatika, ikashuka. Na gizani wazee wakamjibu, huyu huku, yule kule, kama walivyomjibu zamani kutoka kingo za bonde: "Tumesikia! Huku kweupe, wamehama!"

Masikio alikuwa amesimama kwenye mitambo. Kinasa sauti kilikuwa mkobani, kimezimwa. Hakukigusa.

Taa zilipowaka wageni walipiga makofi wakatoka, ukoo ukakimbilia chai. Shangazi hakubanduka mkekani.

"Shangazi, tumemaliza. Mlinzi anataka kufunga."

"Nani kamaliza? Aliyeita haondoki mpaka majivu yapoe. Moto wangu umeupeleka wapi?"

Masikio alitaka kucheka, akajizuia. Akarudi kwenye mitambo, akazima taa, akaurudisha moto, kisha akaushusha kwa kidole, taratibu, taratibu mno, hadi ukabaki mchakacho wa majivu. Ndipo akaiachia mvua, na vyura wakaanza kulia.

"Mvua hii ya lini?" Shangazi aliuliza.

"Ya wajukuu zako."

Shangazi akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Njoo ukae, tuingoje. Na mwambie huyo mlinzi aache kuchezea funguo. Anatufukuzia vyura."