Mtu Aliyepona Ndani ya Simu

Daktari alisema Mjomba ana sonona, ila isiyo kali. Mama akauliza isiyo kali ndiyo ikoje. Daktari akasema ni ile ambayo mtu anaamka, anavaa, anakula, lakini vyote anavifanya kama ametumwa. Mama akasema basi huyo ndiye. Mjomba mwenyewe alikuwa amekaa katikati yao, mikono magotini. Akasema, "Hata ugonjwa nimepewa saizi ya mtoto."

Hakupewa dawa. Alipewa masomo ya kwenye simu. Masomo sita, kila wiki moja. Unasoma, unajibu maswali, halafu kila siku unaandika umefanya nini na moyo ulikuwaje, kuanzia sifuri mpaka kumi. Wiki ya tatu mshauri anakupigia kuangalia unaendeleaje.

Mjomba ni fundi makochi. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, na akiwa mzima anafanya kazi na misumari midogo mdomoni, anaitoa mmoja mmoja na kuipiga, na anaongea hivyo hivyo, kwa hiyo miaka yote hakuna aliyemwelewa vizuri. Sasa misumari haimo mdomoni, anasikika vizuri kabisa, ila hana la kusema. Katikati ya chumba kuna kochi la mwenye duka la dawa, limevuliwa nguo zote, limebaki mbao na springi. Lilivuliwa miezi miwili iliyopita. Mjomba anakaa kwenye kigoda na kulitazama, nalo kama linamtazama.

Kidole chake gumba kikigusa simu kinabonyeza herufi tatu kwa mpigo. Mama akaniambia, "Wewe umemaliza shule, unasubiri matokeo, kazi yako kuzunguka zunguka tu. Kaa na mjomba wako umsomee."

Nikakaa. Nikasoma kwa sauti: "Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo?"

"Anataka kujua ili iweje?" akasema Mjomba.

"Ni swali tu, Mjomba. A, hata kidogo. B, siku chache. C..."

"Ngoja nifikirie."

Alifikiria dakika kumi. Shuleni tulikuwa na utaratibu: usipojua, weka B. Nikaweka B. Mengine nayo nikaweka B, isipokuwa lile la kama unafikiria kujidhuru. Hilo alijibu mwenyewe, tena haraka, hapana. Tukafaulu somo la kwanza.

La pili lilisema ukikaa ukingoja hamu ije ndipo ufanye kitu, utangoja sana. Fanya kitu kidogo kwanza, hamu itafuata nyuma. Chagua shughuli. Mjomba akatazama ukuta. Nikamwandikia kutembea dakika ishirini.

Hakutembea. Jioni simu ikaleta meseji: Hatujakusikia leo. Baada ya saa moja ikaleta nyingine: Tupo hapa ukihitaji. Asubuhi ikaleta ya tatu. Nina shangazi wa hivyo, najua huwa haishii hapo. Nikaandika: Nimetembea dakika ishirini, moyo nne. Pakatokea jani la kijani na kelele zikaisha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kesho yake nikamtembeza tena, humo humo kwenye simu. Keshokutwa nikampeleka kwa fundi viatu, rafiki yake wa zamani, wakacheka. Nikampandia maua kwenye kopo. Nikampeleka uwanjani kutazama mpira. Moyo sikuurusha ghafla, mimi si mjinga. Nilimpandisha polepole, tano, tano, sita, na Jumapili moja nikamshusha mpaka nne ili isionekane uongo. Baada ya hapo nikamfikisha nane. Masomo nilikuwa bado namsomea kila wiki, yeye ametulia kwenye kigoda, nami nikidhani hasikii.

Mshauri akapiga. Sauti ya dada fulani mpole. Nikaweka spika.

"Fundi, habari za leo? Nimefurahi kuona unatembea kila jioni."

Mjomba akaniangalia.

"Mimi?"

"Ndiyo. Na yule rafiki yako, fundi viatu, hajambo?"

Niliangalia chini. Pale chini palikuwa na vipande vya sponji, nikavihesabu.

"Hajambo," akasema Mjomba.

"Mliongea nini?"

"Viatu."

"Na maua?"

"Yapo yapo."

Dada akasema ni maendeleo makubwa, hajaona mtu wa kupanda alama vizuri hivi. Akasema kwa alama hizi Mjomba hahitaji tena masomo yaliyobaki. Kuna watu wengi kwenye foleni, kwa hiyo Ijumaa atalifunga faili lake na nafasi apewe mwingine. Hongera sana. Mjomba akasema asante. Simu ikakatika.

Nilingoja nitukanwe. Mjomba akasema, "Soma."

"Nisome nini?"

"Yote aliyofanya."

Nikasoma tangu mwanzo. Alisikiliza kama anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine.

"Jumanne alienda wapi?"

"Uwanjani. Alitazama vijana wakicheza mpira."

"Nani alishinda?"

"Sikuandika."

"Na mimi Jumanne nilikuwa wapi?"

"Hapo hapo ulipo."

Akatikisa kichwa. "Ana bahati, huyo bwana."

Nikasema, "Mjomba, nisamehe. Nilijua hutaki mambo haya."

"Nani kakwambia sitaki? Lile la kwamba hamu inakuja nyuma, nilikuwa nalifikiria. Nalifikiria mpaka leo. Mimi ni mtu wa polepole, Profesa. Wewe umemaliza mtihani wakati mimi bado naandika jina." Akaligeukia kochi. "Kwa hiyo Ijumaa wananifunga."

"Ndiyo."

"Kwa sababu nimepona."

"Ndiyo."

Mama akaingia na vikombe vya chai, anang'aa. Hongera ilikuwa imemfikia na yeye, namba yake tuliiandika kama ndugu wa karibu. "Kaka yangu! Kumbe umepona na husemi!"

"Ndivyo walivyoandika," akasema Mjomba.

Mama akalitazama kochi. "Na hilo?"

"Hilo halijaambiwa."

Alhamisi nikampigia mshauri. Sikumwambia mtu. Nilisimama nyuma ya nyumba karibu na tangi la maji, nikasema mimi ni mpwa wa fundi makochi, na kwamba yale ya kwenye simu niliandika mimi.

"Wewe ndiye uliyekuwa unaandika anachosema?"

"Hakusema. Niliandika tu."

"Sasa aliyekuwa anatembea ni nani?"

"Hakuna."

"Fundi viatu?"

"Yupo, ila hawajaonana tangu mwaka jana."

"Maua?"

"Kopo lipo."

Nikasikia anabonyeza bonyeza kompyuta.

"Ile Jumapili uliyomshusha mpaka nne," akasema, "nilimwambia msimamizi wangu, huyu mtu anatuambia ukweli."

Nikamwambia asimfunge. Akasema si suala la kuombewa. Mtu akae kwenye masomo kwa sababu anayahitaji na anayataka, na hayo mawili ayaseme mwenyewe, kwa mdomo wake, leo. "Na wewe ukae kimya. Unaweza?"

Nikasema naweza, ingawa hakuna mtu nyumbani angekubali.

Nikaingia karakana, nikaweka simu juu ya mbao za kochi, dada akiwa bado hewani, nikamwambia Mjomba nimesema kila kitu. Hakushtuka. Akavuta kigoda.

"Fundi," dada akasema, "unataka kuendelea?"

"Nataka kuanza."

"Haya. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo?"

Kimya. Kilikuwa kimya kirefu mpaka nikaanza kuwashwa na B. Niliuma mdomo.

"Karibu kila siku," akasema Mjomba.

"Mara ngapi umejiona umewaangusha watu?"

Akaangalia springi zile. "Hilo ni kila siku. Hata sasa hivi."

Nilikuwa sijui. Nimekaa naye wiki tatu, chumba kimoja, na nilikuwa sijui. Wakapita usingizi, chakula, uchovu. Akaulizwa lile la kujidhuru. Akasema hapana, kochi la watu liko wazi namna hii, amwachie nani. Dada akasema sawa, ila akiona jibu hilo limebadilika apige siku hiyo hiyo, asingoje. Mjomba akasema sawa.

Dada akajumlisha. "Tisa kati ya ishirini na saba. Bado ni ile isiyo kali, lakini ipo. Sikufungi. Tunarudi somo la kwanza."

"Kwa hiyo nimefeli?"

"Umebaki."

"Mama yake huyu atasikitika. Ameshatangaza mtaa mzima."

Dada akacheka, kisha akajikohoza kikazi. Akamwambia achague kitu kimoja cha dakika tano, afanye leo, aandike. Akaaga.

Mjomba alikaa. Nikakaa. Saa ya ukutani ikafanya kazi peke yake. Baadaye akainuka, akachukua koleo, akaanza kung'oa misumari ya zamani kwenye mkono wa kochi. Nikaanza kupima kwa simu. Aling'oa mmoja, akauangalia, akautupa kwenye bakuli. Mwingine. Wa sita ulikatika kichwa, akaweka koleo chini na kurudi kwenye kigoda, anahema kama kabeba kochi zima.

"Ngapi?" akauliza.

"Dakika nne na kitu. Niandike tano?"

"Nne."

"Zimebaki sekunde chache tu, Mjomba, hakuna atakaye..."

"Profesa. Nne."

Nikaandika nne. "Na moyo?"

Alifikiria mpaka kioo cha simu kikazima. Nikakigusa kikawaka. Kikazima tena, nikakigusa tena.

"Tatu," akasema.

Nikaweka kidole kwenye tatu.

"Ngoja kwanza," akasema. "Tatu na nusu hakuna?"

Nikatafuta. Hakuna.

"Basi tatu."