Andika Kuwa Imenikataa

Miaka thelathini na minne Tulinagwe alikuwa amechuma chai kwenye miteremko ya juu ya Kawetele, na mistari ya vidole vyake ilikuwa imelika yote. Yeye mwenyewe hakulijua hilo mpaka Jumamosi ile alipokwenda kujaribu mashine.

Diwani wao alikuwa amefariki, na uchaguzi mdogo ulikuwa umebaki wiki tatu. Safari hii, gari la matangazo lilisema, daftari la wapigakura litakuwa ndani ya kishikwambi. Mtu anaweka kidole, jina lake linatokea. Wote waliojiandikisha waliombwa wafike shuleni kufanya majaribio.

Tulinagwe alifika saa nne, mvua ikinyunya, akapanga foleni nje ya darasa la tatu. Zamu yake ilipofika alimkuta karani binti mwenye hijabu ya kijani, Nahla, ambaye baba yake ni fundi cherehani kule Bulyaga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niweke kipi?"

"Gumba la kulia."

Taa nyekundu ikawaka. Nahla akalifuta gumba kwa kitambaa, wakarudia. Nyekundu. Wakajaribu cha shahada, cha kati, wakahamia mkono wa kushoto. Vidole vyote kumi, taa nyekundu.

Msimamizi wa majaribio aliyeitwa Obed, mwanamume wa makamo aliyeletwa kutoka nje ya wilaya, akasogea akitabasamu. "Mama, pitia mlango ule, nenda tu nyumbani. Haya ni majaribio, usiwe na wasiwasi."

"Na siku ya kura?"

"Siku ya kura tutaona."

Tulinagwe alikuwa anajua kusoma. Aliinamia fomu iliyokuwa mbele ya Nahla. Upande wa waliotambuliwa ulikuwa na majina mengi. Upande wa wasiotambuliwa ulikuwa mweupe.

"Jirani yangu Esnath amepita hapa asubuhi," alisema. "Amerudi kaniambia mashine imemkataa. Mbona simwoni?"

"Wenye vidole vichafu hatuwaandiki," Obed akajibu. "Hilo si kosa la mashine. Ni la mtumiaji."

"Vichafu?" Tulinagwe aliinua mikono yote miwili darasa zima likaiona. "Nimeiosha kwa sabuni kabla sijatoka. Huu weusi ni utomvu wa chai. Ndio uliosomesha watoto wangu."

"Mama, unachelewesha wenzako."

"Niandike nitoke. Andika kuwa imenikataa."

"Siwezi kuandika hivyo."

"Basi na mimi siwezi kutoka."

Akavuta kiti cha mbele ya mashine, akakaa, akakunja khanga yake mapajani. Hakuwa amewahi kubishana na mtu wa serikali maishani mwake, hata siku walipokuja kukata migomba yake kupitisha barabara. Siku ile alinyamaza, na kunyamaza kule kulimuuma kuliko migomba yenyewe.

Obed akamwita mgambo aliyesimama mlangoni. "Anyitike! Mtoe huyu mama."

Anyitike akamtazama Tulinagwe, kisha akatazama kishikwambi. "Mimi niliambiwa nilinde mashine," alisema taratibu. "Kutoa watu sikuambiwa."

Foleni ikacheka. Mwanamke mmoja wa nyuma akafunga khanga vizuri, akatoka mvuani kwenda kuwaita wengine. Haikupita saa moja wakaanza kuingia: Esnath akiwa bado na kikapu cha chai mgongoni, Ackson fundi mwashi ambaye saruji ilikuwa imemla vidole, wanawake wa kikundi cha wachumaji, wazee watatu wanaolima kahawa. Wote walikuwa wamekataliwa asubuhi, wote walikuwa wameambiwa waende nyumbani.

Obed alikifunga kishikwambi. "Zoezi limekwisha."

"Tangazo limesema mpaka saa kumi," Nahla akasema.

Alilisema kwa sauti ndogo sana, lakini darasa zima lilisikia. Obed akamgeukia.

"Unajua mkataba wako uko mikononi mwa nani?"

"Najua. Ila fomu hii nasaini mimi, na jina langu ndilo litakalokuwa pale chini." Akakifungua kishikwambi tena. Akaandika upande ule mweupe: Tulinagwe. Halafu akainua uso. "Anayefuata!"

Esnath akaweka kidole. Nyekundu. Nahla akaandika, na mtu mmoja nyuma akapiga kigelegele. Ackson akaweka. Nyekundu. Kigelegele kingine, sasa cha watu wengi. Kila mashine ilipokataa, darasa lilishangilia kama harusini, na mtu aliyekataliwa aliondoka kifua mbele. Obed alisimama dirishani akiwapa mgongo, simu sikioni.

Saa kumi walikuwa thelathini na saba. Nahla alisaini, akabandika nakala mlangoni, na mawakala wa vyama waliokuja kufuatilia majaribio wakaipiga picha. Jumatatu mji mzima wa Tukuyu ulikuwa nayo kwenye simu. Baada ya siku nne gari la matangazo likapita tena: daftari la karatasi litakuwepo mezani vituo vyote, na atakayekataliwa na mashine atatafutwa humo.

Siku ya kura mashine ilimkataa Tulinagwe kama kawaida. Karani mpya akafunua karatasi, akaliona jina, akampa kura yake. Alipiga. Alimpigia nani, hakumwambia hata mumewe.

Lakini karani alikuwa mpya, na hilo lilimkaa rohoni. Alishuka kwa miguu hadi Bulyaga, akamkuta Nahla kibarazani kwa baba yake akishona vifungo.

"Hawakukuita tena?"

"Hawakuniita. Wamesema nikiandika barua ya kuomba radhi watanifikiria."

"Utaandika?"

"Nimeshaandika." Nahla akachomoa karatasi chini ya cherehani. "Ila si ya kuomba radhi, mama. Nawauliza, katika vituo vingine vilivyofanya majaribio, waliorudishwa nyumbani bila kuandikwa walikuwa wangapi. Na nataka majibu kwa maandishi."

Tulinagwe akavuta kigoda, akakaa karibu naye.

"Nisomee," alisema. "Ukimaliza, uniachie nafasi ya kuweka sahihi yangu."